Mohamed Khamis Juma Bhalo: Shairi la Kimvita katika Mahadhi ya Kihindi

Mwezi wa Aprili mwaka 2014 alifariki dunia mjini Mombasa Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji ambaye kwa zaidi ya miongo minne sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizojulikana mno katika mwambao wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1942, akapata sifa tangu miaka ya 1960, na akaacha jukwaa mwaka 2007. Watu wa Mombasa walimwita Profesa. Cheo hicho hakikutolewa na chuo kikuu chochote. Kilitolewa na wasikilizaji, nao hawakuwa wepesi wa kukitoa. Makala haya yana lengo la kueleza kilichowafanya wakitoe, na kuchunguza lawama moja ambayo imemwandama msanii huyu tangu mwanzo: kwamba alikuwa mwigaji wa nyimbo za sinema za Kihindi.

Yafaa kwanza kuutazama mji wenyewe. Mombasa ni kisiwa, na mlango wake wa kusini ni Feri, pale ambapo watu wa Likoni na wa pwani ya kusini yote huvushwa mlango wa Kilindini asubuhi na jioni. Feri si mahali pa kustarehe. Ni mahali pa kungoja, kusukumana, kuuza mihogo na madafu, na kusikiliza, watu wakitaka wasitake, kile ambacho wenye vibanda na wenye magari wamekichagua. Katika zama za kaseti kilichochaguliwa mara nyingi kilikuwa taarabu. Kutoka hapo hadi Mji wa Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, si mwendo mrefu. Lakini mtu apitaye kutoka Feri hadi Kibokoni na Kuze huwa ametoka katika Mombasa ya wapita njia na kuingia katika Mombasa ya wenyewe. Nyimbo za Juma Bhalo zilisikika kote kuwili. Tofauti ilikuwa hii: Feri zilisikika kama muziki, na katika Mji wa Kale zilisikika kama maneno.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mada. Mgeni aliyeusikia wimbo wa Juma Bhalo kwa mara ya kwanza aliweza kudhani kwamba ni wimbo wa Bombay. Mahadhi yalikuwa ya Kihindi, mapigo ya tabla ya Kihindi, na hata mikato ya sauti, ile ya kupandisha na kuteremsha irabu moja mara tano au sita kabla ya kuiachilia, ilikuwa ya Kihindi. Lakini maneno yalikuwa shairi la Kiswahili lenye vina na mizani kamili, tena Kiswahili cha Kimvita ambacho mwanafunzi wa shule ya sekondari, hata mwenye alama nzuri, angehitaji kuelezwa.

Taarabu ya mahadhi ya Kihindi haikubuniwa na Juma Bhalo. Aliikuta. Waimbaji wa mwambao walikuwa wamekwisha kuanza kuyavika maneno ya Kiswahili mahadhi ya sinema kabla yeye hajapanda jukwaani, na katika miaka ya 1950 wakazi wa Mombasa walikuwa na redio yao wenyewe, Sauti ya Mvita, iliyowapa wasanii wa mwambao mahali pa kusikika. Sinema za Kihindi zilipendwa na watu wote mjini, si Wahindi peke yao. Nyimbo za waimbaji kama Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar zilijulikana na vijana wa Kiswahili ambao hawakujua maana ya neno hata moja lililomo. Alichokifanya Juma Bhalo ni kuichukua desturi iliyokuwapo na kuifikisha kiwango ambacho waliomfuata wamepimwa kwacho hadi leo.

Lawama ya kuiga ni ya zamani, na haina budi kuelezwa kwa haki. Wanaoitoa husema kwamba mwambao una ngoma zake na mahadhi yake, na kwamba msanii anayekwenda kuchukua wimbo uliokwisha kutungwa na mtu mwingine katika nchi nyingine amejikosesha nusu ya sanaa. Hoja hii hupata nguvu ikiwa Juma Bhalo atawekwa kando ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufariki mwaka 2016. Zein alikuwa fundi wa udi, aliyeyafufua mashairi ya kale ya Kiamu na kuyatilia mahadhi yake mwenyewe yaliyotokana na mila ya kaskazini na ya Kiarabu. Kwa kipimo cha utunzi wa mahadhi, Zein ni mbele. Hakuna haja ya kubishana. Lakini kipimo hicho si cha pekee, na kwa Waswahili wa Mombasa hakikuwa cha kwanza.

Kwao kipimo cha kwanza kilikuwa shairi. Hapa inapasa kueleza kwa kirefu jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa sababu neno kuiga huifanya ionekane nyepesi, na haikuwa nyepesi hata kidogo.

Shairi la kawaida la Kiswahili lina beti za mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, iliyogawanyika nane kwa nane, na kina cha kati na kina cha mwisho. Mshororo wa nne mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti, nao huitwa kibwagizo au kipokeo. Wimbo wa sinema ya Kihindi nao una sehemu mbili: kiitikio kifupi kinachorudi tena na tena, na kipande kirefu kinachopanda juu zaidi kisha kuteremka na kukirudia kiitikio. Basi fundi huona mara moja kwamba maumbo haya mawili yanakaribiana. Kibwagizo hukaa juu ya kiitikio, na mishororo mitatu ya mwanzo hupanda na kipande kirefu. Hiyo ni sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni ndani ya mshororo. Kihindi kina irabu ndefu na irabu fupi, na mahadhi ya Kihindi hurefusha pale ambapo lugha yenyewe hurefusha. Kiswahili hakina mpango huo. Kila silabi ni mzani mmoja, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji asiye mwangalifu hurefusha mahali pabaya, na neno likageuka kuwa neno jingine au likawa si neno. Kwa mfano, mshororo huu ambao umebuniwa hapa kwa ajili ya maelezo tu:

Kivukoni nimefika, mashua nimeikosa

una mizani nane kila upande. Ukitiwa katika mahadhi yanayorefusha silabi ya pili na kuikimbiza ya saba, neno kivukoni huharibika na nimefika humezwa. Fundi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huukata mshororo penye kituo cha kati, akaurudia upande wa kwanza mara mbili huku mahadhi yakienda mbele. Ama hutafuta wimbo mwingine ambao mapigo yake yanakubaliana na shairi alilopewa. Ndipo inapoonekana kwamba kuchagua mahadhi ni kazi ya kusoma. Mwimbaji lazima aelewe shairi linalia au linakejeli, liko wapi fumbo lake, na neno gani ndilo analotaka msikilizaji aondoke nalo, ili neno hilo liangukie pale ambapo mahadhi yanapanda. Juma Bhalo alikuwa na kipawa hiki kwa kiasi kisicho cha kawaida. Wimbo wa Kihindi uliotungwa kwa ajili ya wapenzi wawili bustanini uliweza, mdomoni mwake, kuwa wasia wa mzee kwa kijana, na hakuna aliyehisi kwamba umeazimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaisimu wa Kiswahili hawajalizingatia vya kutosha. Kimvita hutofautisha baadhi ya sauti ambazo maandishi ya Kiswahili sanifu hayazionyeshi. Paa la nyumba na paa mnyama wa mwituni ni maneno mawili yanayoandikwa sawa, lakini Mmvita humtamka mnyama kwa mpumuo ambao paa la nyumba halina. Ni hivyo hivyo kwa kaa la moto na kaa wa pwani. Tena kuna t ya meno na t ya ufizi, na mshairi wa Mombasa wa jadi huona ni kasoro kuzichanganya katika vina. Kihindi nacho hutofautisha sauti za mpumuo na zisizo na mpumuo, na t ya meno na ile inayotamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma. Haisemwi hapa kwamba lugha moja imeipata tabia hii kwa nyingine. Kinachosemwa ni kwamba sikio la Mombasa lilikuwa limekwisha kuzoea tofauti kama hizo, na kwamba mtindo wa uimbaji unaozionyesha waziwazi ulifaa kuliko mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Katika uimbaji wa Juma Bhalo t mbili hizo hazichanganyiki.

Mashairi yenyewe yalitoka wapi? Mengi yalitoka kwa ukoo na majirani. Binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ni mmoja wa washairi wakuu wa Kiswahili wa karne ya ishirini. Mashairi yake yalichapishwa Marekani mwaka 1966 yakihaririwa na Lyndon Harries, kisha diwani yake, Malenga wa Mvita, ikatolewa mwaka 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Ndugu zake Ahmad Nassir ni Sheikh Abdilahi Nassir, mwanazuoni, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa na ambaye mashairi yake ya gerezani, Sauti ya Dhiki, yalichapishwa mwaka 1973. Juma Bhalo basi hakwenda mbali kutafuta maneno. Aliishi katikati yake. Mwimbaji wa namna hii ni mrithi wa desturi ambayo Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ndiye anayetajwa kuwa kinara wake: shairi linalotungwa kwa ajili ya jambo lililotokea, likapelekwa mahali penye watu, likajibiwa.

Ni vyema kukumbuka pia hali ya Kimvita katika karne hiyo. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliikusanya kamusi yake katika sehemu hizo, nayo ikatolewa mwaka 1882 baada ya kifo chake. Kwa muda ilionekana kwamba Kimvita kingeweza kuwa lugha ya vitabu. Lakini mkutano wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mkutano huo ulifanyika Mombasa. Wazee wa Mji wa Kale hawajaacha kulitaja jambo hili, na mtu hawezi kuwalaumu. Tangu hapo mtoto wa Mombasa alisomeshwa kuandika njia ilhali nyumbani asema ndia, na alipita kila siku katika barabara iitwayo Ndia Kuu.

Kwa mshairi suala hili si la hisia tu. Ni la ufundi. Mishororo hii miwili, ambayo pia imebuniwa kwa mfano, yatosha kuonyesha:

Wamekaa ukumbini, mimi wameniwata nde
Sijui la kuamini, wala kushika upande

Mtu akiisanifisha, atasema wameniacha nje. Mizani itabaki ile ile, lakini kina cha mwisho kitavunjika, kwani nje haiwezi kukaa na upande. Shairi la Kimvita haliwezi kusanifishwa bila kubomolewa. Kwa hiyo lilihitaji mahali nje ya shule pa kuishi, na katika nusu ya pili ya karne ya ishirini mahali hapo palikuwa jukwaa la harusi na ukanda wa kaseti. Kijana aliyezaliwa Mombasa mwaka 1970 alijifunza maneno ya Kimvita cha ndani kwa nyanya yake na kwa Juma Bhalo, wala si kwa mwalimu.

Harusi ndiyo iliyokuwa chuo. Katika Mji wa Kale jukwaa hupangwa katika uwanja au katika njia yenyewe, viti vikatandazwa, wanawake wakakaa upande wao, na wimbo ukaendelea hadi usiku wa manane. Wasikilizaji hawakuja kucheza. Walikuja kusikiliza, na wengi wao walisikiliza kama mawakili wasomavyo mkataba. Ubeti ulipogusa jambo lililojulikana mtaani, mtu alisimama akaenda kutuza, na kila aliyekuwapo aliangalia ni nani aliyesimama na ni ubeti gani uliomsimamisha. Fumbo lilikuwa na mtunzi mmoja lakini maana nyingi, na yule aliyetuza alijitwalia maana yake hadharani. Mwimbaji katika hali hiyo anashika kitu cha hatari. Akiimba kwa chuki, mtaa utagawanyika. Akiimba kwa woga, fumbo litalala. Juma Bhalo alisifiwa kwa kukaa imara kwenye kinanda chake na kuliacha neno lifanye kazi bila yeye kulisukuma kwa macho wala kwa mkono. Sifa hii si ndogo. Mifano ya waimbaji waliolisukuma ni mingi, na haina haja ya kutajwa.

Kutoka jukwaani nyimbo zilikwenda madukani. Mombasa ilikuwa na wachapishaji wa sahani za santuri, hasa Assanand na lebo yake ya Mzuri, na ilikuwa na Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale, duka lililorekodi na kuuza taarabu ya mwambao kwa miaka mingi. Wasanii wengine waliosikika kwa njia hizo ni Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Matano Juma na Zein mwenyewe. Kaseti ilipoenea, kila mwenye mashine mbili aliweza kuwa mchapishaji, na nyimbo zilifika Zanzibar, Tanga, Lamu na kwa Waswahili walioko nchi za Ghuba bila msanii kujua zimefikaje wala kupata chochote.

Hapa pana tatizo ambalo sheria haikulitatua vizuri. Kenya ilipata Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, na nyingine iliyochukua nafasi yake ikapitishwa mwaka 2001. Lakini wimbo wa Juma Bhalo ni mali ya nani? Mahadhi ni ya mtunzi wa Bombay. Maneno ni ya mshairi wa Kuze au Kibokoni. Sauti ni ya mwimbaji. Ukanda ni wa mwenye duka. Katika wanne hawa, aliyepata faida ya uhakika ni wa nne, aliyejulikana na watu ni wa tatu, na aliyesahauliwa upesi ni wa pili. Mtunzi wa Bombay hakujua kwamba Mombasa iko. Wasomi wa fasihi, ambao kazi yao ni kumtetea wa pili, wamefanya kidogo: diwani zilizochapishwa ni chache mno zikilinganishwa na mashairi yaliyoimbwa.

Juma Bhalo alipoacha jukwaa mwaka 2007 mji ulikuwa umebadilika. Suala la muziki na dini, ambalo halikupata kukosekana katika Mji wa Kale, lilikuwa likijadiliwa kwa ukali zaidi, na taarabu ya kisasa iliyokuja kutoka bara na visiwani kwa vinanda vya umeme na maneno ya wazi ilikuwa imewavuta vijana. Miaka saba iliyobakia ya maisha yake aliishi bila jukwaa, huku kaseti zake zikiendelea kulia katika nyumba na magari. Waliomfuata katika mahadhi ya Kihindi wapo, na baadhi yao wana sauti nzuri. Kinachopungua si sauti bali mashairi: watunzi walioweza kumpa mwimbaji beti nane za Kimvita zenye fumbo moja lisilokatika wanazidi kuwa wachache.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni ya mikono zaidi kuliko ya nadharia. Kanda zilizobaki zinalika kwa unyevu wa pwani, na nyingi hazikuandikwa nje ila jina la mwimbaji na nambari. Inapasa zisikilizwe na wazee ambao bado wanajua ni nani aliyetunga na ni harusi ya nani wimbo ulikoimbwa kwanza, kisha maneno yaandikwe kwa tahajia inayoonyesha t mbili na mpumuo, maana yakiandikwa kwa tahajia ya kawaida nusu ya ufundi wake itapotea karatasini. Pengine jina la mtunzi limo ndani ya wimbo wenyewe. Washairi wengi, kwa desturi, hujitaja katika ubeti wa mwisho, kwenye kaditama. Lakini ubeti huo huja baada ya dakika kadhaa za kinanda na tabla, na msikilizaji aliyeko Feri, chombo kikishatia nanga, huwa amekwisha kushuka.